Adhana ya Mzee Mwinyihaji

"Hebu niwekee hizo app zako, nami nionekane mtu," alisema Nyamvula, akamtupia Dhahabu simu mpya mapajani.

"Zote za nini? Nyengine hata mimi sizitumii."

"Basi niwekee zile unazozipenda."

Dhahabu aliishika simu ya jirani yake akaitazama tu. Zile unazozipenda! Swali jepesi, mtu yeyote wa Kisauni angelijibu huku mdomo umejaa mahamri, lakini yeye lilimkwama. Hakuwa na kitu alichokipenda. Hakuwa na kitu alichokichukia vilevile. Na tuelewane mapema, wenzangu: mwanamke huyu hakuwa mgonjwa, hakuwa mvivu, wala hakuwa na kiburi kama walivyosema mawifi zake. Alikuwa amekufa ganzi. Miaka mitatu alikuwa mke wa mume aishiye ndani ya simu, na moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaubonyeza na husikii kitu.

"Haya, ya kwanza WhatsApp," alisema.

"Hiyo ninayo. Usinifanye mshamba kiasi hicho!"

"Ya kuita tuktuk?"

"Weka. Nikitoka sokoni Kongowea na unga wangu nisibishane na mtu."

"Na hii ya hali ya hewa."

"Ya nini? Si natoa kichwa dirishani?"

"Yangu mimi si ya hapa," alisema Dhahabu, akamwonyesha kwenye simu yake mwenyewe. Juu paliandikwa Maskati, na chini yake arubaini na tatu. "Kila asubuhi natazama alipo Najib kuna joto gani. Kisha namwandikia: leo kwenu arubaini na tatu, kunywa maji."

"Naye asemaje?"

"Asema, kweli mke wangu, leo twaungua."

Nyamvula aliweka mkono kifuani. "Mapenzi hayo! Wangu mimi twalala kitanda kimoja na hajui kama nimekula."

"Si mapenzi, Nyamvula. Kidole chaenda chenyewe."

Nyamvula hakusikia, alikuwa ameshapeleka macho kwenye alama nyingine, ya kijani, yenye mnara. "Na hii ya adhana, mbona siku hizi kimya? Mimi si Mwislamu lakini nilikuwa naamkia hiyo hiyo, nachemsha mbaazi zangu. Sauti ya babako ile, sivyo?"

"Ni ya baba. Nimeizima."

Sauti ile ilikuwa ya Mzee Mwinyihaji, babake Dhahabu, muadhini wa msikiti mmoja huko Mtongwe, Likoni, hadi mauti yalipomfika. Najib ndiye aliyemkalisha mzee kitako siku moja, wakiwa bado maharusi wapya, akamrekodi. Kisha akaitia sauti ile kwenye app ya adhana, kwenye simu yake na simu ya Dhahabu, basi. Kwenye simu mbili tu, duniani kote. Mzee alikuwa na kifua, na katika "Hayya alas-swalah" ya pili alikohoa kidogo, akaendelea. Najib alitaka warudie, mzee akasema Mungu anakijua kifua chake. Ikabaki hivyo hivyo na kikohozi chake.

Mzee alipofariki, Dhahabu alikuwa akilia kila wakati wa sala. Halafu Najib akasafiri. Halafu ikafika siku akaisikia sauti ya babake na asihisi chochote. Hapo aliogopa, akaizima.

"Leo nampigia Najib," alisema. "Nataka talaka yangu."

Nyamvula, aliyekuwa keshaichukua simu yake mpya, nusura aidondoshe. "Talaka! Kakukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Ana mwanamke huko?"

"Sijui. Hata nikiambiwa anaye, naona nitauliza tu kama ajua kupika."

"Weye Dhahabu! Hebu lia kidogo kwanza, labda hizo fikira zitakutoka."

"Nimejaribu," alisema Dhahabu, na kweli alikuwa amejaribu.

*

Sasa, mambo ya kupiga simu yalikuwa na kanuni zake. Najib ndiye aliyepiga, tena baada ya ishaa, wakati sala zote zimekwisha. Dhahabu asipige mchana, kwani mudiri wa huko Maskati, bosi wake, hataki kuona simu. Miaka yote mitatu Dhahabu aliifuata kanuni hiyo. Jioni ile hakuifuata. Aliketi kwenye kiti cha plastiki uani, jua likiwa linaaga, akabonyeza.

"Dhahabu? Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki. Salaam alaikum."

"Alaikum salaam. Mbona wapiga saa hizi? Niko kazini, mudiri akini..."

"Nina maneno mafupi. Naomba unipe talaka yangu."

Mahali fulani nyuma ya Najib lori lilikuwa likirudi kinyumenyume, linalia tii, tii, tii.

"Nimekukosea nini mke wangu?"

"Hujanikosea. Matumizi yaja, salamu zaja. Sina hasira nawe hata kidogo. Laiti ningekuwa na hasira."

"Mwezi wa nane naja. Inshallah naja, nisubiri."

"Ulisema hivyo mwaka jana, wala sikulaumu. Lakini hata ukija, sitajua nikupokee na uso gani. Nikitazama picha yako ni kama natazama picha ya kalenda, Najib. Mtu mzuri, simjui."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje?"

Hapo ndipo spika ya msikiti wa mtaani ilipokwaruza na adhana ya magharibi ikaanza. Na ndani ya simu, nyuma ya pumzi za Najib, ikaanza nyingine.

Ilikuwa sauti ya mzee. Polepole, kavu, ya mtu mwenye kifua. Dhahabu alidhani ni simu yake imefunguka. Akaitoa sikioni akaitazama: alama ya adhana ilikuwa imezimwa vilevile. Akairudisha sikioni. Huko upande wa pili vitu vilikuwa vikianguka, mtu anapekua, anatafuta kitu kwa haraka, na sauti inaendelea. Hayya alas-swalah. Hayya alas... Kikohozi kidogo. ...swalah.

Kisha ikakatwa katikati.

"Najib, siku hizi magharibi ya Maskati huingia mbele ya yetu, huko ishapita. Hiyo nayo ninayo kwenye simu."

"Ni ile simu yangu ya zamani. Niliisahau... saa zake sikuzibadilisha, ndiyo ikawa..."

"Usiniongopee na babangu yuaadhini."

Najib alivuta pumzi kama mtu anayetoka majini. Dhahabu alingoja. Hata kungoja kwenyewe hakukuwa na uchungu, alikuwa akingoja tu kama angojavyo maji ya chai yachemke.

"Uko wapi?" aliuliza.

"Changamwe, hapo ng'ambo."

"Umerudi lini?"

"Sikuondoka, Dhahabu."

Spika ya msikiti ilimaliza.

"Haya," alisema Dhahabu. "Nenda kasali, wakati usikupite."

Akakata simu. Akatawadha, akasali, akachuja tui, akapika. Alijichunguza kama mtu anayejipapasa baada ya kuanguka, atafute pa kuuma. Hakupapata.

Ujumbe ulianza kuingia kabla hajaepua chungu.

"Dhahabu nijibu."

"Wallahi sina mwanamke. Naapa kwa kaburi la mzee."

"Yule wakala wa safari alinitoroka siku ile ile uwanja wa ndege. Tiketi ilikuwa bandia. Nyinyi mlikuwa mshaondoka."

"Niliona aibu."

"Nitukane basi. Sema chochote."

Dhahabu alisoma zote, akiziteremsha kwa kidole gumba, kama asomavyo matangazo ya viwanja. Kisha akaandika neno lake moja.

"Nitumie location."

*

Asubuhi aliita tuktuk kwa app. Dereva alipouona mwendo wenyewe, kutoka Kisauni hadi Changamwe, alimgeukia.

"Mama, hakika ni huku? Huku ni kwa malori tu."

"Simu ndiyo isemayo."

Palikuwa ni yadi nyuma ya matangi ya mafuta, ardhi nyeusi, malori yamepangwa midomo ukutani. Watu walikuwa wakishona maturubai ya kufunikia mizigo. Ndege ilipita chini chini ikielekea kutua, jirani tu hapo, na hakuna aliyeinua kichwa. Mmoja wa washonaji alikuwa ameketi juu ya turubai la kijani, ana sindano ndefu mkononi. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeingia mvi mapema.

Najib alisimama, na sindano ikabaki ikining'inia kwa uzi wake.

"Karibu," alisema, akatandika kipande safi cha turubai. Hakuwa na kitu kingine cha kutandika.

Dhahabu aliketi. "Nieleze. Usiruke kitu."

"Wakumbuka siku ile? Mlinisomea dua, mtaa mzima. Mkanipitisha chini ya msahafu, ami yako kaushika upande huu, mamangu upande ule. Halwa ikaliwa. Mkaja na magari mkanisindikiza hadi uwanjani, mkanipungia, mkaondoka. Mimi nikafika kwa yule dada wa kaunta, akaipitisha tiketi yangu kwenye mashine mara mbili, akanitazama. Nikampigia wakala, simu imezimwa."

"Kwa nini hukunipigia mimi?"

"Nilishika simu. Nikawaona akilini nyinyi mmefika nyumbani, mwala wali uliobaki, mwanisifu. Nikasema nitasema kesho. Nikatoka na sanduku langu kwa mguu hadi hapa. Kesho yake ukaniandikia, huko Maskati kuna joto gani? Nikatafuta kwenye simu nikakujibu."

"Umenijibu miaka mitatu."

"Kila siku nilikuwa naamka kabla yako, niitazame hewa ya huko, nisije nikakosea ukiniuliza." Akatoa simu, akaifungua, akamwonyesha. Maskati, arubaini na nne.

Dhahabu akatoa yake. Maskati, arubaini na nne.

"Kumbe sote twatazama joto la mji usio na mtu wetu," alisema, na kidogo acheke. Kidogo tu, kisha kicheko kikapotea.

"Saa za huko ulizijua," alisema. "Hewa ulijua. Picha za ufukweni ukanitumia, sijui ulizitoa wapi. Mbona adhana hukuibadilisha ukaiweka ya huko?"

Najib aliishika ile sindano, akaiacha.

"Ningesali kwa saa za uwongo. Ramadhani ningefuturu kwa saa za uwongo. Nimekuongopea wewe, nikamuongopea mamangu, nikawaongopea wote waliokula halwa yangu. Lakini sala... hapo sikuweza. Na sauti ni ya mzee. Yeye ndiye aliyeniozesha, nitamwambia nini?"

"Mie yangu niliizima," alisema Dhahabu.

Lori moja likawashwa, likazimwa.

Halafu Najib akasogea karibu, akashusha sauti, na macho yake yakapata uhai. "Sikiza. Nimeshapanga. Nitanunua sanduku kubwa, kanzu mbili tatu, udi na manukato, yote yapatikana mjini. Nitangoja ndege ya asubuhi, nichanganyike na wanaotoka. Nyinyi mje mnipokee na maua. Hakuna atakayejua. Ni mimi na wewe peke yetu."

"Wanitia na mimi kwenye uwongo wako."

"Nakusitiri na aibu."

"Aibu yangu mimi iko wapi, Najib? Mimi ndiye niitwaye mke wa Maskati. Watu waniletea pasipoti za watoto wao, niwaulizie kazi huko kwa mume wangu. Nikikaa kimya, wasema naringa."

Najib aliinamisha kichwa.

"Ijumaa uje nyumbani," alisema Dhahabu. Sauti yake haikupanda wala kushuka, alikuwa kama mtu anayeagiza kilo ya mchele. "Uje alasiri, watu wakiwa barazani. Usije na sanduku. Uje hivyo ulivyo, na uwaambie kwa mdomo wako, wale waliokushikia msahafu. Usipokuja, niandikie talaka yangu kwa hiyo hiyo WhatsApp, nitampelekea kadhi."

"Watanicheka hadi kufa kwangu."

"Watakucheka."

"Na nikija? Utanipenda tena?"

Wengine hapo wangemdanganya masikini, wampe moyo. Dhahabu hakuwa na nguvu za kudanganya.

"Sijui. Sina cha kukuahidi, nimejitafuta ndani sikuona kitu. Nakwambia njoo, basi."

Akabonyeza app, tuktuk ikaja.

*

Ijumaa ilifika. Nyamvula alikuwa kibarazani kwake na karai la viazi, wanawake wameketi mkekani, wazee wametoka msikitini na kanzu zao bado safi. Ami yake Dhahabu alikuwepo, na mama mkwe, wanapiga soga kuhusu arusi ya mtu. Dhahabu aliketi kwenye ngazi ya mlango wake. Asubuhi ile, bila ya sababu aijuayo, alikuwa ameifungua sauti ya adhana. Hakuwa ameomba Najib aje, wala hakuomba asije.

"Mbona huli?" Nyamvula alimuuliza. "Chukua kiazi."

"Baadaye."

"Yule bwana kakupa jibu lako?"

"Bado."

Ndipo mtu akatokea kwenye kona ya kichochoro. Suruali ina madoa ya oili, miguuni kandambili, mkononi mfuko wa plastiki. Alitembea kama atembeaye kwenye matope.

Nyamvula ndiye wa kwanza kumtambua. "Uwi! Maskati karudi! Jamani, Najib huyu!"

Vigelegele vikapasuka kabla mtu hajauliza kitu. Mama mkwe aliinuka, kanga ikamtoka begani. "Mwanangu! Mbona hivi? Mbona umekonda, hawakuwa wakikulisha?"

"Masanduku yaja na gari, eti?" aliuliza Nyamvula akichungulia nyuma yake.

Najib alisimama katikati yao. Akamtazama Dhahabu. Dhahabu naye akamtazama, lakini hakumsaidia kwa neno wala kwa jicho.

"Sikwenda," alisema Najib.

"Wasema?" aliuliza ami, akitega sikio.

"Sikwenda Maskati. Sijapanda ndege mimi. Wakala alinitapeli, nikaona haya kurudi. Miaka yote hii nilikuwa Changamwe, nashona maturubai. Nimewaongopea nyote. Mama, nimekuongopea. Nisameheni."

Mtu mmoja alicheka, akajikamata. Ami alisema astaghfirullah mara mbili. Mama mkwe akarudi kukaa mkekani polepole, mkono mdomoni. Nyamvula alisimama na upawa wake juu, mafuta yanadondoka.

"Changamwe hapa?" aliuliza.

"Hapo."

"Na lile joto lote la arubaini na tatu?"

Saa ya alasiri ilikuwa imetimia, na kutoka kwenye mfuko wa plastiki Mzee Mwinyihaji akaanza kuadhini. Mara hiyo hiyo akaanza pia mapajani kwa Dhahabu, amechelewa kidogo, wazee wawili mmoja nyuma ya mwingine. Najib kwa mazoea ya kujificha akautia mkono mfukoni haraka, aizime.

"Iache!"

Mtaa mzima uligeuka. Ilikuwa ni sauti ya Dhahabu, na hakuna aliyeisikia ikipanda hivyo tangu mwanamume yule asindikizwe.

"Iache! Mwache babangu amalize!"

Basi wote wakakaa kimya wakamsikiliza marehemu. Alipokohoa kwenye mfuko, akakohoa tena mapajani, na hapo Dhahabu alianza kuwashwa na kuchomwa kifuani, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kurudiwa na damu. Kuliuma vibaya sana. Machozi yalimtoka bila ya ruhusa yake, yakafika kidevuni, hakuyafuta. Nyamvula alimwona, akatia upawa karaini, akanong'ona kwa furaha, "Yualia! Jamani, yualia huyu!"

Adhana ilikwisha. Dhahabu akasimama.

"Mshenzi weye!" alisema. "Huna haya! Miaka mitatu! Nakuandikia kunywa maji, kunywa maji, nawe uko Changamwe wanywa maji ya bomba! Nimelala peke yangu, nimeugua peke yangu, nimefuturu nikitazama simu, na ni mwendo wa tuktuk! Tuktuk, Najib!"

Kila neno alimpiga kwa ncha ya kanga yake, kifuani, begani, popote. Najib alisimama wima akapigwa, naye analia.

"Una haki," alisema. "Niambie tu. Niiandike hiyo talaka?"

"Talaka gani? Nani kakuomba talaka hapa?" Dhahabu alipenga kamasi kwa ile kanga, akamsukuma kuelekea mlangoni. "Ingia ndani ukasali kwanza. Kisha utoke hapa nje, mbele ya watu, maana mimi bado sijamaliza kukutukana."